Shina la Mgomba Si Mume Wangu

Mpendwa Baba Devota,

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Leo siwezi. Ningekuwa najua kama u mzima au u mgonjwa, nisingekuwa nimekaa hapa mlangoni tangu asubuhi na daftari la Devota magotini, namharibia kurasa zake. Kwa hiyo nitaanza na habari yenyewe. Jumamosi iliyopita, nyumbani kwenu Ngara, ndugu zako walikuzika. Au niseme walitaka kukuzika, mimi nikawavurugia. Sasa huko hakuna anayelitaja jina langu bila kusonya, na nimeona afadhali uyasikie kutoka kwangu kabla Bernado, huyo mdogo wako, hajakupambia ya kwake.

Sijutii. Nakwambia mapema ili usiisome barua hii ukitafuta mahali nilipoomba radhi.

Unaukumbuka ukuta wa jiko letu hapa Nyamahanga, Biharamulo, mwaka ule wa kwanza ulipohamishiwa shule ile? Nilikuwa nimeupaka udongo mweupe kwa mikono yangu mwenyewe, nikausugua mpaka ukapendeza, na kabla haujakauka vizuri wewe ukauona kuwa ni ubao. Mimi napepea moto chini ya maharage, wewe umeokota kipande cha mkaa unaandika Kiingereza. Ulikuwa umejiapiza kwamba mke wa mwalimu hawezi kuishia darasa la nne. Nilipokuomba uandike huko nje ulisema nje kuna upepo. Mpaka leo sijaelewa upepo ulikuwa unakuzuia nini.

Jioni moja uliandika maneno mawili, moja chini ya jingine: absent, missing. Ukaniuliza tofauti yake. Nikasema sioni tofauti, yote mawili ni mtu ambaye hayupo, na hao Waingereza wana maneno mengi kuliko mahitaji yao.

"Hapana," ukasema, unagonga ukuta wangu kwa kidole. "Absent ni mtoto ambaye hayuko kwenye dawati lake, lakini ukimuuliza mama yake atakwambia yuko wapi. Ana homa, au amekwenda kwa shangazi. Missing ni yule ambaye hata mama yake hajui."

"Si useme amepotea," nikakujibu. "Kiswahili kina neno."

"Kina neno, na ni zuri. Lakini ukisema amepotea ni kama umemlaumu yeye. Missing ni habari ya waliobaki. Wamehesabu, wameona kuna pengo, sasa wainuke wakatafute."

Nikakwambia maharage yanaungua. Kweli yalikuwa yanaungua, lakini pia sikutaka uone jinsi nilivyopenda ulivyosema. Ungejisifu mwezi mzima.

Nilidhani ni mchezo wa pale ukutani tu. Kumbe ulikuwa umeshaupeleka darasani. Walimu wengine waliita majina, watoto wakaitikia "Hayupo!" kwa sauti moja, mwalimu akachora mstari akaendelea na hesabu. Kwako hiyo haikutosha. Lazima mmoja asimame aseme mwenzake yuko wapi: anachunga, anaumwa, amekwenda kumpokea mama yake mzigo. Na kama hakuna anayejua, rejista inafungwa, hakuna kusoma mpaka ajulikane alipo. Mwalimu mkuu alikuja mpaka nyumbani kulalamika kwamba unaharibu ratiba ya shule nzima. Ulimjibu kwa adabu yako ile inayoudhi kuliko matusi, kwamba ratiba itasubiri, mahali pa kwenda haina.

Halafu ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Familia zilizokuwa zimetawanyika huko porini upande wa Kaniha zililetwa kwa malori mpaka karibu na shule, zikapewa viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Darasa lako likajaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Nakumbuka wanawake waliokuwa wakishuka na mawe yao ya kusagia, na wengine wameshika chipukizi za migomba zimefungwa kwenye kanga, hawajui watazipanda wapi. Mimi nilikuwa na mimba ya Devota, nikawa nawapelekea maji ya kunywa, na wewe ukawa unawaandika watoto wao majina.

Mmoja wao alikuwa Leokadia, binti wa Kisubi wa darasa la nne, mwembamba, hasemi. Asubuhi ya Jumatano uliita jina lake kukawa kimya.

"Hayupo, mwalimu," akasema mtoto mmoja.

"Yuko wapi?"

"Hatujui."

Nilikuwa nimepita pale nje na kuni zangu nikasikia rejista ikifungwa. Ulitoka na darasa zima nyuma yako, ukaniona, ukaniuliza kama ninaijua njia ya zamani ya kwenda kwao, kwa kuwa huko ndiko nilikokuwa nikiokota kuni. Na tumbo langu lile nikaongoza msafara wa watoto. Mwalimu mkuu alisimama ofisini mlangoni, ameshika kengele, hana wa kumpigia.

Tulimkuta kwenye mahame ya kwao. Nyumba zilikuwa zimeng'olewa mapaa, lakini migomba ilikuwa imesimama vilevile na mikungu yake, kana kwamba haikupewa taarifa. Kwenye kibanda kilichokuwa jiko alikaa bibi yake Leokadia, na huyo mtoto anamlisha. Alikuwa amempelekea chumvi. Siku ya malori bibi alijificha kwenye migomba yake, akakataa kutoka, wakaondoka bila yeye.

"Mmekuja na rori?" bibi akauliza.

Ulichuchumaa kabla ya kujibu. "Shikamoo, bibi. Tumekuja kwa miguu."

"Marahaba. Harafu?"

"Halafu basi. Tulikuwa tunamtafuta mjukuu wako."

Akamwambia Leokadia atukatie ndizi mbivu. Watoto wote wakala. Hukumlazimisha kuhama, na wala hukwenda kumsema. Kila Ijumaa wakawa wanakwenda watoto wawili kumchotea maji, kwa zamu uliyoiandika nyuma ya rejista, mpaka alipofariki mwaka uliofuata, kwake, kwenye kitanda chake.

Tukiwa njiani kurudi siku ile uliniambia ulichokiona ofisini kwa katibu wa kijiji. Kwenye orodha ya waliohamishwa, mbele ya jina la yule bibi, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: hayupo. Ulikuwa na hasira mpaka unapita njia usiyoiona. "Wamemwandika absent," ukasema, "kwa sababu absent haimtoi mtu kwenye kiti. Wangeandika ukweli, kwamba hatujui bibi huyu yuko wapi, ingebidi wavae viatu." Nilikuwa sijawahi kukuona umekasirika hivyo, nikakushika mkono mbele ya wanafunzi bila kujali.

Basi, mume wangu, yaweke hayo karibu, sasa nikueleze waliyokufanyia wewe.

Ulipoitwa pamoja na mgambo wenzako kwenda vitani Devota alikuwa na miaka mitatu. Kijiji kilitoa ng'ombe, sisi wanawake tukakoboa mahindi mpaka viganja vikachubuka, na kila mtu alikuwa anaimba. Wewe uliondoka na begi moja, na ndani yake nusu ilikuwa madaftari ya darasa la sita. Nilikuuliza utayasahihisha saa ngapi. Ukasema, "Vita vina kusubiri kwingi." Uliponiaga hukusema neno lolote la kufaa kukumbukwa, ulisema tu niangalie yule kuku mweupe asilalie mayai kwa jirani, na mimi nilikuwa nimejikaza nisilie nikaishia kucheka. Kuku mwenyewe alikwenda kwa jirani wiki iyo hiyo.

Vita vikaisha. Wenzako wakarudi mmoja mmoja, wengine na ndevu, wengine na fimbo. Jirani yetu Masanja, yule Msukuma mliyeondoka naye, alirudi akaja moja kwa moja kwangu kabla hajaenda kwake, na hilo sitamsahaulia.

"Shemeji," akasema, "mwalimu sijamuona kufa. Mimi nasema nililoliona. Tulivuka mto pamoja, tulikaa kule siku nyingi. Halafu akashikwa na homa. Wakapakia majeluhi kwenye loli linalorudi huku nyuma, na yeye akapanda. Alipanda mwenyewe, kwa miguu yake. Akaniambia nikutangulizie salamu, kumbe yeye ndiye aliyetangulia kuondoka."

Lori linalorudi huku nyuma. Maneno hayo nimeyalalia miaka mitatu. Ulikuwa unakuja nyumbani.

Baadaye ikaja karatasi. Ilisema hujulikani ulipo. Nikaipeleka ofisini, karani kijana akaisoma juu juu, akaniambia, "Mama, maana yake ni kwamba hayupo." Nikamwambia, "Kwamba hayupo najua, mimi ndiye ninayelala peke yangu. Nimekuja kuuliza nani anamtafuta." Akafungua droo, akaifunga. Akasema nitaarifiwa. Nilirudi tena, na tena, mpaka wakawa wakiniona kwa mbali mmoja anakwenda chooni.

Ndipo nilipoanza kwenda Lusahunga. Kila siku ya gulio nabeba karanga na ndizi za kuchoma, nakaa pale njia panda malori yanaposimama, na kila dereva anayenunua namuuliza: mwalimu mrefu, sikio la kushoto lina kipande kilichokatika, anasahihisha watu wakiongea, umemwona? Madereva wameshanizoea. Wananiita Mama Mwalimu Yuko Wapi. Wengine wananitania kwamba nikimpata nitapoteza biashara. Nacheka nao, nawafungia karanga. Sikuvaa kaniki, sikunyoa nywele, na kila aliyenipa pole ya msiba nilimrudishia pole yake palepale.

Wiki iliyopita Bernado akatuma mtu kwamba mama yako ni mgonjwa sana, nije na mtoto. Nikapanda lori na Devota mpaka Ngara. Nafika, nakuta mama yako amekaa kwenye jamvi, hana hata kikohozi. Wanawake wa ukoo wamefunga viuno. Katekista ameshika kitabu. Kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, karibu na alipolala baba yako, kuna shimo limechimbwa vizuri, kingo zimenyooka. Na pembeni ya shimo kuna shina la mgomba lenye urefu wako, limefungwa shuka jeupe, na juu ya shuka wameweka shati lako.

Lile shati la buluu lenye doa la wino mfukoni. Nimelitafuta nyumba nzima tangu vita. Kumbe Bernado alilichukua alipokuja kunipa pole, akalificha huku akingoja siku yake.

Desturi hiyo naijua, mimi pia ni mtoto wa Ngara. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, mgomba unalala mahali pake ili watu wapate kulia na mizimu ipate kutulia. Nimehudhuria mazishi ya hivyo nikalia kwa haki kabisa. Siidharau. Lakini yule niliyemlilia mimi, palikuwa na mtu aliyemwona akizama mtoni. Wewe aliyekuona mara ya mwisho alikuona unapanda lori.

Bernado akanisogelea kwa sauti ya upole aliyoiazima. "Shemeji, usikasirike. Ng'ombe wawiri wametupa mimba mwaka huu. Mtoto wangu haachi kuumwa. Mtu asiyezikwa atatusumbua mpaka rini? Tumweke kaka arare, wewe unyorewe, harafu wazee wataangaria nani wa kukutunza."

Alipofika kwenye kutunzwa alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikajua ni nani wazee watakayemwona. Tena ana wake wawili na hawalishi.

Nikaomba panga. Wakanipa, wakidhani mke ndiye anayetakiwa kukata kitu fulani. Nikachukua shati lako, nikalikung'uta, nikalikunja, nikampa Devota alishike. Nikafungua shuka. Halafu nikaanza kukukata. Unajua mgomba ulivyo, umejaa maji, panga linapita bila ubishi. Nikakata vipande vya kiasi cha kutosha mdomo, nikavijaza kwenye ungo, nikavibeba mpaka kwa ng'ombe wa mama yako aliyefungwa kando ya ua, nikammwagia. Akaanza kula palepale. Alikuwa na njaa, maana siku ya msiba nani anakumbuka ng'ombe.

"Mawe!" akalia mwanamke mmoja, akimwita mama yake. Mwingine alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Umemkata kaka yangu!" Bernado akapiga kelele. "Umemlisha ng'ombe!"

"Kama huyu ni kaka yako," nikamwambia, "mwombe ng'ombe amteme."

Katekista alifunga kitabu. Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja, mimi nimesimama katikati na panga mkononi, na nakwambia kweli, mume wangu, sijawahi kujisikia mzima namna ile tangu ulipoondoka. Wangenifukuza ningekwenda. Wangenipiga ningewapiga.

Aliyeninyamazisha ni mama yako. Hakupaza sauti. Alibaki kwenye jamvi lake na majivu usoni, akasema, "Mkamwana, mimi nimechoka. Nilitaka kumlilia mwanangu kabla sijafa. Sasa nilie nini?"

Nililiweka panga chini nikaenda kukaa kwenye jamvi. Nikamwambia, "Lia, mama. Nani amekukataza kulia? Tulie kwamba hatujui alipo. Hilo tu linatosha kulilia, na ni la kweli." Nikamshika. Akaanza yeye, nikafuata mimi, na wale wanawake waliokuwa wamekuja kulilia mgomba wakatulilia sisi. Tulilia mpaka jua likatoka kwenye shimo. Devota alikuwa amelala kwenye shati lako.

Mama yako alipomaliza alipangusa uso kwa upande wa kanga, akawageukia wanaume. Akauliza, "Nani kati yenu amekwenda kumtafuta?"

"Mama, tulipewa karatasi," Bernado akasema.

"Sikuuliza karatasi. Nimeuliza nani amekwenda."

Akawauliza mmoja mmoja kwa majina yao. Baba mdogo alisema mguu. Mwingine alisema mavuno. Bernado alitazama chini. Wakaisha wote, na mama yako akageuza shingo pole pole mpaka macho yake yakanifikia mimi. Hakuniuliza. Alinitazama tu, na mimi nikatazama chini kama Bernado.

Nilikwambia mwanzoni kwamba humu hutakuta radhi. Nimelazimika kubadilisha nia, kwa hiyo ipokee hapa, na ni yako peke yako, Bernado asiiguse. Miaka mitatu nimekaa njia panda ya Lusahunga nawauliza watu waliokwenda. Mimi mwenyewe sijakwenda. Nilikuwa na lori, na barabara, na neno la Masanja lililonyooka kabisa, nikakaa nachoma ndizi. Nilikuwa nakuwekea sahani. Nilikuwa nasema "mwalimu akirudi" kama vile umekwenda semina. Nilimdharau karani aliyeniambia hayupo, kumbe ndani ya moyo wangu na mimi nilikuwa nimekuandika absent, kwa sababu kukuandika ulivyo kungeniinua nilipokaa, na nilikuwa naogopa nitakachokikuta. Kukataa kukuzika kulinipa kiburi kitamu. Nilikiita kukutafuta. Haikuwa hivyo, Baba Devota, na nisamehe.

Hasira niliyo nayo leo si ya Jumamosi. Ile ilikuwa ya kelele. Hii imekaa, na inanifungashia mzigo.

Mama yako aliamuru shimo lifukiwe, na mfukiaji akawa Bernado mwenyewe, na suruali yake ya sikukuu. Devota nimemwacha huko kwa mama yako. Wawili hao wamekwishaelewana: mmoja anafundisha kusuka mikeka, mwingine anafundisha a, e, i, o, u, na sijui nani ni mkali zaidi. Masanja amenichorea barabara yote, kuanzia pale lori lilipokupakia kurudi huku nyuma, na kila hospitali, kila misheni na kila kambi anayoikumbuka njiani. Kesho asubuhi naanza. Hospitali nitaomba waangalie vitabu vyao mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, na wakiniambia hayupo nitawauliza yuko wapi. Nimefundishwa na mtu anayejua kuuliza.

Barua hii sikuitia kwenye bahasha, na nimeinakili mara nyingi mpaka daftari la mtoto limekwisha. Nakala moja nitaibandika kwenye kila mlango wa hospitali, wa kanisa na wa shule nitakakopita, kila mtu aisome, hata aibu zetu za ndani. Aliyekuona asome ajue kuna watu wamehesabu na umepungua. Nawe pengine utasimama mbele ya mlango fulani, utatoa kalamu usahihishe nilipokosea, na hapo watu watakujua.

Nimefikiria yote. Kama homa ile ilikuchukua akili na hukumbuki jina lako, wewe ni Filbert, ni mwalimu, na una binti mwenye kichwa kigumu. Kama umelala chini mahali, nataka nionyeshwe hapo mahali kwa kidole, nichukue udongo wake, mama yako apate cha kulilia kisicho mgomba. Na kama uko mzima, umepata mwanamke mwingine na watoto wengine, ukaamua tu kwamba Nyamahanga ni mbali, basi andaa kiti. Nitaingia, nitaamkia wenyeji, nitakaa, na utaniambia hilo ukinitazama machoni. Sitavunja kitu. Nitarudi nimejua, nami nitawaambia wote Ngara na Biharamulo, kwa sauti, bila machozi.

Chochote kilichoko huko, sitakiogopa tena. Nimeogopa vya kutosha nikiwa nimekaa.

Ninakuomba kitu kimoja tu, na ulikuwa hupendi kuambiwa la kufanya, lakini mara hii nisikilize. Kama unaweza kutembea, usitembee. Kama kuna mtu anataka kukuhamisha, kataa. Kaa hapo hapo ulipo. Nakuja.

Mkeo, na si mjane wa mtu,
Mama Devota